Ombi la Kurudishiwa Vidonda Vyangu vya Tumbo

Kwa Daktari Mkuu wa Hospitali,
Kwa mkono wa karani wa mapokezi (yule mwenye miwani ya kamba, si yule mwingine).

Mheshimiwa Daktari Mkuu,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA MAJIBU YA KIPIMO CHA TUMBO, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA VIDONDA

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wote mnaovaa makoti meupe. Mimi ninayekuandikia ni mtumishi wa siku nyingi katika ofisi ya vipimo, kitengo cha mizani. Kazi yangu ni kupita madukani, sokoni na kwenye mabucha nikiwa na sanduku langu la mawe ya kupimia, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ndiyo kilo ya mnunuzi. Nayaeleza haya mapema ili ujue kwamba hulalamikiwi na mtu wa kurukaruka. Nimefunga mizani za watu wengi, wengine majirani, wengine ndugu wa damu, na sikuwahi kupaza sauti. Hata leo sitapaza.

Mimi pia ni mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Au tuseme nilikuwa, mpaka juzi hospitali yako iliponivua cheo hicho bila hata barua ya onyo.

Nilikuja kwenu kwa miguu yangu, nikiwa sijala kitu kama nilivyoagizwa. Dereva wetu wa ofisini alikuwa ameniambia kwamba siku hizi kuna kamera inayoshushwa kooni, inamwonyesha daktari kila kilicho ndani, na mgonjwa huondoka na picha. Mimi nilifuata picha. Nilikusudia kuitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, kando ya picha yetu ya harusi, ili wageni wakiona sili wasiniulize maswali. Badala yake nilipewa karatasi yenye mistari michache na mfuko wa vidonge. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkuona kidonda hata kimoja.

Daktari wako kijana, yule mrefu anayeinama kila akipita chini ya feni, alisubiri nimalize kufuta machozi ya ile kamera, akanishika bega, akasema, "Hongera mzee wangu, huna kidonda hata kimoja." Hongera, Mheshimiwa! Unampongezaje mtu kwa kumwambia kwamba mzigo aliobeba miaka yote haumo ndani? Vidonda vyangu nilithibitishiwa na marehemu mjomba, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu aliyeona matumbo mengi kuliko daktari yeyote hapo kwako. Alinibonyeza chini ya kifua mara moja tu, akatikisa kichwa, akasema, "Vidonda hivi, mjomba, tena vimeshamiri." Tangu hapo sikuona sababu ya kuwasumbua wataalamu wengine.

Vidonda hivyo ndivyo vilivyonijengea maisha. Ofisini nina kiti changu karibu na dirisha, na zamu ya soko la samaki sipangiwi kwa ajili ya harufu. Mkuu wa kitengo akitaka kunigombeza hushusha sauti, maana alishaelezwa kwamba hasira za mtu mwingine zinaweza kuvitumbua. Vijana wananiita Mzee Maziwa. Wao wanadhani ni utani, mimi nimelipokea jina hilo kama nishani. Kwenye foleni yoyote, iwe ya benki, ya posta au ya kinyozi, nasema tu "jamani, nina vidonda" na watu wananipisha. Hata pale mapokezini kwenu nilipishwa nikaonwa wa kwanza, mbele ya mama aliyebeba mtoto anayelia, na wala sikuomba mara mbili. Sasa leo nisimame kwenye foleni niseme nini? Niseme "jamani, nina bakteria"? Watanipisha, ndiyo, lakini kwa kukimbia.

2. Chupa za dawa zinapunja.

Hili ni lalamiko la zamani na naliambatanisha kwa kuwa bado linaniuma. Kwa miaka mingi natumia ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza kiungulia, kijiko kimoja baada ya chakula. Kwa hesabu ya kijiko hicho, chupa inapaswa kunifikisha mwisho wa mwezi. Hainifikishi hata katikati. Mwanzo nilimshuku mwenye duka la dawa lililo nyuma ya nyumba yetu, mtu mwenye ndevu nzuri na maneno laini, sifa mbili ambazo mkaguzi hujifunza kuziangalia kwa makini. Nilikwenda na chombo changu cha kupimia ujazo, nikamimina chupa mbele yake na mbele ya wateja wake. Ilikuwa kamili, mpaka kwenye mstari.

Niliinunua ikiwa kamili, nikaibeba ikiwa kamili, nikaiweka kwenye kabati la jikoni ikiwa kamili, na bado ikaisha kabla ya wakati wake. Nikafikia uamuzi kwamba dawa ile inageuka mvuke na kutorokea kwenye kifuniko, nikampa mwenye duka onyo la maandishi. Hadi leo hatusalimiani. Nikahamia kwenye dirisha lenu la dawa, na dawa ya chupa zenu nayo inatoroka vilevile. Katika kazi hii nimekutana na mizani iliyofichwa sumaku chini ya sahani. Nimekutana na jiwe la kilo lililotobolewa tumbo likajazwa nta. Lakini chupa inayopunja ikiwa imefungwa, tena ndani ya kabati la mkaguzi, sijapata kuona. Naomba uchunguzi ufanyike.

3. Mshtakiwa mliyemleta ni mdogo mno.

Baada ya kunyang'anywa vidonda niliambiwa kwamba kinachonisumbua ni bakteria. Karatasi inamwita H. pylori. Hata yeye ana herufi ya kutangulia jina, kama mtu mwenye shahada. Nikasema sawa, lakini mkaguzi hahukumu asichokiona. Nilikwenda maabara nikamwonyesha fundi kitambulisho changu cha kazi, naye, dada mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Niliona madoa ya zambarau, na katikati yake vijiti vilivyopinda, kama vipande vya uzi vinavyobaki kwenye meza ya cherehani. Nikamuuliza, ndiye huyu? Akajibu, "Ndio hao, baba, tena ni wengi." Ilibidi nitafute pa kukaa.

Mheshimiwa, mimi nimeacha maharage. Nimeacha pilipili, ndimu, chai ya rangi na vitunguu vya kukaanga. Nimeacha kwenda kwenye harusi zenye kelele. Yote hayo nilidhani nayafanya kwa heshima ya ugonjwa wa maana.

Kama hilo halitoshi, daktari wako aliongeza kwamba mara nyingi bakteria huyu humwingia mtu akiwa bado mtoto, nyumbani kwao, kwa kula na kunywa pamoja na wenzake. Huko ni kusema nyumbani kwa mama yangu. Mimi siku zote nimeeleza wazi, kwa upole, mbele ya wakwe, kwamba tumbo langu liliharibiwa na mapishi ya mke wangu. Dada zangu waliunga mkono, shauri likafungwa, kila mtu akaendelea na maisha yake. Leo hospitali inalifungua upya na kumtuhumu marehemu mama, ambaye hawezi kufika kujitetea. Na mke wangu nimwambie nini? Kwamba vitunguu vyake havikuwa na hatia? Ameacha kuvikaanga tangu binti yetu akiwa darasa la pili, na binti huyo sasa ni mwalimu wa chekechea. Mwanamke ameshazoea. Mtu akishaizoea adhabu, kumwambia kwamba hakuwa na kosa ni kumsumbua tu.

4. Ukuta wa tumbo langu umebadilishwa kazi bila kufuata utaratibu.

Wakati kamera ikiwa ndani, mlinikata vinyama vidogo kama punje za mchele mkavipeleka maabara. Havikupimwa uzito mbele yangu. Hilo nalisamehe. Nisichoweza kusamehe ni majibu yake. Imeandikwa kwamba ukuta wa tumbo umevimba kwa muda mrefu, kwamba sehemu nyingine umenyauka ukawa mwembamba, na kwamba mahali fulani chembe zake zimeanza kujigeuza na kufanana na za utumbo. Katika utumishi, Mheshimiwa, mtu hahami kitengo kwa kuamka tu na kujisikia kuhama. Panatakiwa nafasi iliyo wazi, barua ya uhamisho, na saini ya mkuu wake. Mkuu wa tumbo langu ni mimi, na sikusaini popote.

Daktari alinichorea ngazi nyuma ya bahasha. Kipago cha kwanza akaandika uvimbe, cha pili kunyauka, cha tatu mabadiliko. Cha juu kabisa hakuandika kitu, alikigonga tu kwa ncha ya kalamu. Alisema wengi hawafiki huko, kwamba bakteria akiuawa hatari hupungua, kwamba nitarudi kupigwa kamera nyingine baada ya muda waone ukuta unaendeleaje, na kwamba jambo la maana ni kulijua mapema. Nilimshukuru kwa adabu zote. Kisha nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, nikalipita geti letu bila kuliona, ikabidi nirudi.

Niliogopa, sifichi. Na kwa hilo pia nalalamika. Nilipokuwa na vidonda nilikuwa naumwa kwa amani. Mke wangu aliponiuliza majibu yamesemaje, nilimwambia ni yaleyale ya siku zote. Akasema, "Pole, baba," akaniletea maziwa.

5. Hukumu zote za nyumbani kwangu sasa ziko hatarini.

Lazima uelewe jinsi tunavyoishi. Kwangu mambo mazito huamuliwa na tumbo. Shauri huletwa baada ya chakula cha jioni, kila mmoja husema lake, kisha tunanyamaza kidogo. Tumbo likiwaka, shauri limekataliwa. Likitulia, shauri limeahirishwa. Ni utaratibu mzuri usio na upendeleo, na hakuna aliyewahi kuulalamikia, kwa kuwa malalamiko nayo huliwasha.

Kwa njia hiyo mdogo wangu alikataliwa kujenga banda la kuku chini ya dirisha letu. Mke wangu alikataliwa kwenda kukaa mwezi mmoja na mama yake, na aliporudia ombi mwaka uliofuata tumbo liliwaka kabla hajamaliza sentensi. Redio iliondolewa sebuleni. Na mchumba wa binti yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana aliyekuja na wazee wake akiwa amenyoa vizuri na amefunga vifungo vyote, alikataliwa kabla chai haijapoa. Hakufanya kosa lolote. Niliwaambia wazee wake kwamba sina neno na kijana, ni tumbo tu halijaridhia. Walitazamana, wakachukua kofia zao. Binti yangu hakulia mbele yangu. Alikusanya vikombe, akaviosha kwa muda mrefu kuliko vikombe vinavyohitaji kuoshwa.

Sasa habari hizi zikivuja, kila mtu atakata rufaa. Banda la kuku litasimama kesho yake. Na binti yangu, ambaye amesoma na ana ulimi kama wa shangazi zake, ataniuliza swali moja tu: "Baba, aliyemkataa mwenzangu ni wewe au ni bakteria?" Nimelizungusha swali hilo tangu nilipotoka kwenu. Jibu la kwanza linaniaibisha na la pili linaniondoa kwenye kiti.

6. Daktari wako alipekua tumbo la mtu ambaye hakuwepo.

Nilipokuwa nimeshasimama kuondoka, aliniuliza kama nyumbani kuna mwingine anayesumbuliwa na tumbo. Kama yupo anayeumwa hapa juu chini ya kifua, anayeshiba kabla hajala, au anayepungua mwili bila sababu, nimlete haraka naye apimwe. Akataja mke wangu waziwazi. Mheshimiwa, mimi nikikagua mizani ya bucha siulizi mizani ya duka la jirani. Nilimjibu kwamba mke wangu ana tumbo la chuma, na naona ni vema nitoe ushahidi hapa ili jambo hili lisirudiwe.

Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia hata siku moja akisema tumbo linamuuma. Chakula anakula kwa kiasi, matonge mawili matatu, kisha anasukuma sahani na kusema ameshiba kwa kuonja akipika. Huo ndio ulaji wa mtu mwenye tumbo linaloridhika. Usiku analalia mito miwili, nusu amekaa nusu amelala, kwa sababu ni mwanamke macho anayelinda nyumba yake. Alfajiri husimama kwenye dirisha la jikoni na kikombe cha maji ya moto, mkono mmoja ameubana chini ya kifua, akitazama nje kimya. Namwacha, najua anaomba dua. Mwili wake ni mwepesi kuliko wa wanawake wa rika lake, na magauni yake hupelekwa kwa fundi kupunguzwa mara kwa mara, maana vitambaa vya siku hizi vinatanuka ovyo. Hata mawifi zake wanamwonea wivu.

Kwa kifupi, kama angekuwa anaumwa ningekuwa wa kwanza kujua. Katika nyumba ile hakuna anayefahamu maumivu ya tumbo kunizidi mimi.

7. Vidonge.

Ni vya aina tatu, vingine vikubwa kama vifungo vya koti, vya kumezwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Daktari aliniapisha nisikatishe njiani hata nikijisikia nafuu. Nafuu yenyewe ndiyo ninayoikimbia. Nikipona, nitakula maharage kama watu wote, nitapangiwa soko la samaki, nitagombezwa kwa sauti ya kawaida, na shauri likiletwa mezani itanibidi nitoe sababu. Sijawahi kutoa sababu. Sijui hata zinaanzaje. Vidonge nimevifungia kwenye sanduku la mawe ya mizani, chini ya jiwe la kilo tano, havijaguswa.

Kutokana na hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, hospitali yako initendee yafuatayo. Kwanza, nipewe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba vidonda vilikuwepo ila kamera ilipita upande mwingine. Kama cheti hakiwezekani, hata picha ya vidonda vya mtu mwingine nitaipokea, mradi jina lifutwe. Pili, itolewe barua kwa familia yangu kueleza kwamba maamuzi yote yaliyopitishwa na tumbo kabla ya tarehe ya kipimo yanabaki palepale, bila kujali nani alikuwemo ndani wakati wa kuamua. Tatu, bakteria apunguzwe, asifutwe. Tumeishi naye muda mrefu, si haki aondolewe kwa mpigo mmoja. Nne, lile la ngazi mlifute kabisa kwenye kumbukumbu zenu, nami nitajitahidi kulifuta kwenye zangu.

Natumaini utalishughulikia suala hili kwa uzito unaostahili. Mfikishie salamu zangu daktari mrefu, mwambie feni ile ifupishiwe waya au yeye apandishwe cheo akae chumba kingine. Msalimie dada wa maabara, na nesi aliyenishika mkono kamera ilipokuwa inashuka, ambaye nilimkandamiza vidole na hakusema kitu. Salamu pia kwa mlinzi wa geti, kwa mama anayepiga deki ukumbi wa kusubiri, na kwa yule mtoto aliyekuwa analia, kama ameshanyamaza.

Wako katika vipimo vya haki,

Mkaguzi wa Mizani
(mgonjwa wa vidonda, hadi itakapothibitishwa vinginevyo)

Tanbihi:

Barua hii ilikuwa imeshakunjwa. Nilikwenda jikoni kutafuta gundi ya bahasha. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya kabati amenipa mgongo, chupa ya dawa yangu nyeupe mkononi. Hakuwa na kijiko. Alipiga funda moja, akafunga kifuniko, akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama upungufu unaonekana. Halafu akaegemea sinki, mkono chini ya kifua, akasubiri. Kusubiri kule nakujua. Ndivyo ninavyosubiri mimi.

Aliponiona akaniomba radhi. Akasema atanunua nyingine. Nilimuuliza ameanza lini, akasema tangu binti yetu yuko darasa la pili. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama kama mtu anayetafuta jibu lisiloumiza, akasema, "Ningesema saa ngapi, baba? Kila siku ulikuwa unaumwa wewe."

Hakusema kwa hasira. Ningependa sana angesema kwa hasira.

Nilimshika mkono, nikaona pete yake ya ndoa imezungushiwa uzi kwa ndani ili isidondoke. Uzi umeshachakaa, si wa juzi. Mimi natambua mizani iliyopungua gramu chache kwa kuitazama tu nikiwa mlangoni.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote yafutwe, kuanzia la 1 hadi la 7, na maombi yote manne pia. La ngazi msilifute, lisomeni vizuri, kwa kuwa sasa sijui yeye amefika kipago gani. Mwenye duka la dawa nitamwendea mwenyewe kumtaka radhi mbele ya wateja wake. Vidonge nimevitoa chini ya jiwe na vya leo nimeshameza.

Tutafika kwenu asubuhi. Tunaletwa na yule fundi wa kuchomelea, ambaye kumbe ana gari, na kumbe bado hajaoa. Binti yangu alimpigia simu bila kuniuliza, nami nilikaa pale nikisubiri tumbo liseme neno, lakini mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu na sikulisikiliza.

Mkimuuliza atawaambia hajambo, ni kiungulia tu cha kawaida. Msimwamini. Foleni ikiwa ndefu nitawaambia watu kwamba nina vidonda. Najua sina. Wakitupisha, tafadhali, anzeni na yeye.